Maswali Matatu Kabla ya Kuruka

Walimwita Masikio, na jina hilo hakupewa kwa dharau. Kwa miaka kumi na tisa alikaa kwenye chumba kimoja cha bati kando ya kiwanja cha helikopta ya wagonjwa. Mezani palikuwa na simu mbili, redio moja na birika la umeme lililopasuka mfuniko, na ukutani ramani kubwa iliyochomwa pini mpaka ikachoka. Mtu akipiga simu analia, mwingine angesikia kilio tu. Masikio alisikia kilio, na nyuma ya kilio akasikia mashine inanguruma, akajua ni kiwandani, au akasikia maji yanakwenda, akauliza, "Mko ng'ambo ya mto au upande huu?" Rubani alipenda kusema kwamba siku mama huyu akistaafu, ofisi iyabakize masikio yake pale mezani, kichwa aende nacho nyumbani. Yeye alicheka kila mara, ingawa utani wenyewe ulishachuja kama majani ya chai ya juzi.

Chumba kile kilikuwa na mwiko mmoja: mgonjwa hana jina. Rubani haambiwi kama anakwenda kumchukua mtoto, mjamzito au babu wa miaka tisini. Anaambiwa mahali, umbali, mawingu na mafuta, basi. Mwiko huo haukushuka kutoka mbinguni. Zamani, kabla Masikio hajaajiriwa, rubani mmoja aliambiwa kuna mtoto ameungua moto. Huruma ikampanda kichwani, akaruka kwenye mvua ambayo hata kunguru walikuwa wameikimbia. Waliondoka watu wanne, hakurudi hata mmoja, na mtoto mwenyewe hakufikiwa. Tangu hapo mpokea simu ndiye anayebeba jina la mgonjwa peke yake. Wenzake wanajua kilomita, yeye anajua nani anakufa. Masikio aliubeba mzigo huo bila kunung'unika, na kusema kweli alijivunia kidogo.

Alikuwa na mdogo wake mmoja tu, wa kike, tumbo moja. Mama yao alipofariki, Masikio alikuwa na miaka kumi na saba, mdogo ana sita, na mdogo alikuwa na pumu. Basi yule binti wa miaka kumi na saba alijifunza kusikiliza kifua kabla ya kujifunza kazi yoyote. Kifua kikipiga mluzi mwembamba, maana yake kaa chini upumzike. Mluzi ukiwa mnene, tafuta dawa. Na kifua kikinyamaza wakati mtu bado anahangaika kuvuta pumzi, maana yake hewa haipiti tena, hapo usiulize lolote, kimbia. Alikuwa amekimbia mara mbili na yule mtoto mgongoni, na mara zote mbili alifika.

Mdogo alikua, akaolewa na seremala wa huko milimani, mahali ambapo helikopta inafika kwa dakika ishirini na mbili, na gari, barabara ikiwa na huruma, saa tano. Masikio alimpenda yule shemeji tangu siku ya kwanza, kwa kuwa alikuwa mwongo wa kuchekesha. Alisimulia kwamba alitengeneza kitanda imara mno hata nyumba ilipoanguka kitanda kikabaki kimesimama na mwenye nyumba juu yake amelala. Alisema alioa mke mmoja akaongezewa na daktari wa simu bila malipo. Hilo la daktari wa simu lilikuwa na ukweli ndani yake. Pumu ikimbana mkewe, seremala alikuwa akimpigia Masikio kwenye simu yake ya mkononi, anaiweka simu kifuani kwa mgonjwa, na Masikio kule mjini anasikiliza. "Mwembamba huo," anasema. "Mpe dawa ya kuvuta mara mbili, mkalishe wima, na wewe acha kumsimulia uongo, akicheka inambana zaidi." Waliishi hivyo miaka kumi na miwili. Kwenye mwimo wa mlango wao seremala alikuwa ameandika namba ya helikopta kwa penseli yake nene ya kazi, kwa amri ya Masikio mwenyewe.

Halafu likaja lile gonjwa lililozunguka dunia nzima, na mnalijua, sina haja ya kulitambulisha. Pale kiwanjani lilileta vitu vitatu: mavazi meupe ya kujikinga ambayo wenyewe waliyaita magunia, hema dogo la plastiki lenye zipu la kumfungia mgonjwa ndani, hilo waliliita chandarua, na fomu. Fomu ilikuwa na maswali matatu. Mgonjwa ana homa? Ana kikohozi kipya, kisicho cha kawaida yake? Amekaa karibu na mtu mwenye ugonjwa huo? Chini kabisa, kwa herufi nzito, iliandikwa: mpokea simu akiwa na shaka, aandike Ndiyo.

Ikiandikwa Hapana kote, helikopta ilikuwa hewani baada ya dakika sita, wahudumu wamevaa barakoa na glavu tu. Ikiandikwa Ndiyo hata mara moja, lazima wavae magunia, wafungane utepe wa gundi mikononi, wakaguane, wafunge chandarua kwenye machela. Hiyo ni dakika arobaini na tano mkono ukiwa mwepesi. Wakirudi, helikopta inafutwa kwa dawa kila kona na kuachwa milango wazi saa tatu, na mwenye kufa katika saa hizo tatu atajua mwenyewe, kwa sababu helikopta ilikuwa moja.

Watu si wajinga. Hazikuisha wiki mbili kabla nchi nzima haijajua kwamba ukisema "anakohoa" helikopta inachelewa. Basi ghafla hakuna aliyekohoa. Wagonjwa wote wakawa wameanguka bafuni, wote wameshikwa na moyo, wote wanaumwa tumbo. Masikio alisikia pumzi zinakwaruza kwenye waya kama msumeno, na juu yake sauti ya mtu inaapa kwamba baba yake mzima wa mapafu. Afanyeje? Mtu ameapa. Aliandika Hapana.

Hapana moja kati ya hizo ilimchukua Nesi Twiga. Ndivyo walivyomwita kwa urefu wake, mwanamke aliyelazimika kuinama kuingia kwenye helikopta na kuinama tena kuingia chumba cha simu kuiba sukari ya Masikio. Alikwenda na barakoa nyepesi kumchukua mzee mmoja mwenye duka. Mtoto wa mzee alikuwa ameapa kwa Mungu na kwa kaburi la mama yake kwamba ni presha. Ikaja kujulikana kwamba nyumba nzima ilikuwa imelala na homa. Siku ya kumi na mbili Nesi Twiga alimpigia Masikio kutoka wodini akasema, kwa sauti iliyobaki nusu, "Sukari yako umeificha wapi sasa hivi?" Siku ya kumi na nane alizikwa, na waliomzika hata sura zao hazikuonekana.

Masikio alikuwa ameisikia ile pumzi. Hilo ndilo lililomla. Aliisikia siku ile kwenye simu, akaijua, kisha akamsadiki mwapaji. Tangu hapo aliapa na yeye: mtu akisita hata kidogo, Ndiyo. Mtu akijibu upesi mno, Ndiyo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na yule mama alianza kushtushwa na kila kamba. Masikio yake, aliyoyasikiliza maisha yake yote, hakuyataka tena. Alitaka karatasi. Karatasi haina huruma wala haina rafiki wa kuzikwa.

Simu iliita saa nne na dakika kumi, asubuhi nyeupe, mbingu haina hata wingu la kusingizia.

"Huduma ya helikopta, eleza shida yako."

"Shemeji."

Aliijua sauti, ila hakuwahi kuisikia ikiwa haina mzaha ndani yake.

"Ni mdogo wako. Pumu imembana tangu alfajiri. Simu yako ya mkononi nimepiga haipatikani."

Ilikuwa haipatikani kwa sababu simu za mkononi zilikuwa zimepigwa marufuku chumbani. Zilisemekana kubeba vijidudu.

"Dawa yake ya kuvuta?"

"Iliisha wiki iliyopita. Zahanati wamefunga, wahudumu wameshushwa wote mjini. Nimezunguka kila duka."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Alinikataza. Alisema dada ana kazi nyingi siku hizi, tusimwongezee."

Masikio alivuta fomu. Mkono wake ulijua njia wenyewe.

"Ana homa?"

"Hana, shemeji. Nimemgusa, hana."

"Kikohozi kipya?"

"Ni kile kile chake. Unakijua kuliko mimi."

"Mmekaa karibu na mtu mwenye ugonjwa?"

Simu ikanyamaza. Masikio alihesabu moyoni, kama walivyofundishwa: moja, mbili, tatu, mpaka saba. Sekunde saba si kidogo. Mtu asiye na la kuficha anahitaji sekunde saba za nini? Ndipo sauti ya shemeji ikarudi.

"Hapana. Hakuna mtu. Haraka, shemeji, nakuomba."

Yule mtoto wa mwenye duka naye alikuwa amesita hivyo hivyo kabla ya kuapa. Na huyu, alijiambia Masikio, ni mwongo tangu zamani, wa vitanda na nyumba zilizoanguka. Mtu anayempenda mkewe ataniambia chochote. Mimi mwenyewe ningesema chochote. Aliiona shingo ndefu ya Nesi Twiga ikiinama mlangoni. Akaandika Ndiyo.

Kisha, saa nne na dakika kumi na nne, akabonyeza kengele, akawasomea wenzake mahali, umbali, mawingu, mafuta na rangi ya fomu. Nyekundu, ya Ndiyo. Hakusema ni nani.

Dirisha la chumba kile linatazama kiwanja moja kwa moja, kwa hiyo aliona kila kitu. Aliwaona rubani, daktari na nesi mpya wakitoka na magunia mikononi. Aliona nesi mpya akisoma orodha kwa sauti, mstari kwa mstari, na daktari akiitikia kama mtoto wa shule. Utepe wa mkono wa kushoto ulichanika, wakaanza upya. Zipu ya chandarua ikakwama, fundi wa helikopta akaja na kipande cha sabuni akaisugua, akaivuta, akaisugua tena. Hakuna aliyekuwa mvivu. Walikuwa waangalifu tu, kama watu waliomzika mwenzao juzi, na rubani alisema jambo fulani wakacheka.

Masikio alikuwa na kalamu mkononi. Angeweza kuifuta ile Ndiyo. Angeweza kufungua dirisha akasema maneno matatu: ni mdogo wangu. Wangekimbia, aliwajua. Na kwa sababu aliwajua wangekimbia, hakusema. Mwiko uliwekwa kwa ajili ya saa kama hiyo hasa, na yeye ndiye aliyeufundisha kwa kila mgeni aliyeajiriwa kwa miaka kumi na tisa. Kwa hiyo alikaa kwenye kiti chake, akapokea simu nyingine ya mtu aliyevunjika mguu, akamwuliza kama ana homa.

Waliruka saa tano na dakika tatu. Walifika saa tano na dakika ishirini na tano. Mdogo wake alikuwa amekata roho saa tano kasoro dakika kumi, kwenye mikono ya seremala, na watoto wawili wamesimama mlangoni. Wangeruka kwa dakika sita wangemkuta na dakika nane za uhai. Daktari angeweza kufanya mengi kwa dakika nane. Kwenye redio alisema tu, "Hakuna wa kubeba. Tunarudi." Masikio akajibu kwamba amepokea, akaandika saa. Ndipo akavua vifaa vya masikioni, akaviweka juu ya birika, akaomba fundi amshikie simu. Fundi alimwuliza kulikoni, na kwa mara ya kwanza katika chumba kile mgonjwa akapata jina.

Mngedhani uchungu umeishia hapo. Ile Ndiyo ilikuwa na miguu. Ilitoka kwenye fomu ikaingia kwenye redio, ikatoka kwenye redio ikafika kwa maofisa wa afya wa huko juu, nao wakaja na mfuko wa plastiki na mabomba ya kunyunyizia dawa. Walinyunyizia nyumba, kitanda, mbao za karakana. Wakamzika mama wa watu mbali, kwa haraka, watu kumi tu, na watoto wake wakatazama kutoka upande wa pili wa bonde kama wanaotazama wageni wakichimba kisima. Kuosha, hapana. Kuaga, hapana. Masikio hakuweza kwenda. Barabara zilikuwa zimefungwa, na helikopta haibebi wafiwa. Siku ya nne majibu ya kipimo cha marehemu yakatoka. Hakuwa na ugonjwa ule. Alikuwa na pumu, ile ile aliyozaliwa nayo.

Mkuu wa kituo alimwita ofisini, akampa pole ndefu, kisha akampa barua. Barua ilisema alifuata utaratibu kwa ujasiri hata pale ilipomgusa yeye binafsi, na kwamba ni mfano kwa watumishi wote. Nakala yake ilibandikwa ukutani, karibu na ramani. Masikio aliisoma mara moja. Siku zote baada ya hapo alipokwenda kuchemsha maji alizunguka meza kwa upande wa pili.

Barabara zilifunguliwa baada ya miezi mitatu. Alipanda gari la mizigo la mtu mmoja anayepeleka saruji, akiwa na mfuko wenye dawa za kuvuta sita, alizozitafuta mji mzima kama mwendawazimu. Hata yeye alijua dawa hizo zilikuwa zimechelewa. Lakini binti mdogo wa marehemu, wa miaka minane, alikuwa amerithi kifua cha mama yake, na mikono mitupu ingekuwa mibaya zaidi.

Seremala alimpokea mlangoni kwa adabu zote. "Karibu, shemeji. Pole na safari." Hakumtania. Hakusema kwamba amenenepa, hakusema kwamba mji umemzeesha. Watoto wakamwamkia, "Shikamoo, mama mkubwa," wakarudi nyuma ya baba yao. Karakana ilikuwa kimya. Wateja walikuwa bado wanapita njia ya mbali, majibu ya kipimo wameyasikia lakini mabomba ya dawa waliyaona kwa macho. Masikio aliutazama mwimo wa mlango. Pale palipokuwa na namba pamepigwa randa. Mti ulikuwa mweupe, umelainishwa vizuri, kazi ya fundi hasa.

Walikaa. Alisema pole zake, naye akazipokea. Kisha Masikio akasema lile alilolibeba miezi mitatu, kwa kuwa alifikiri akilisema litapungua uzito.

"Shemeji, nimekuja kukueleza kwa nini. Si kujitetea. Nilipokuuliza swali la tatu, ulinyamaza. Sekunde saba. Nilikuwa nimemzika rafiki yangu kwa sababu ya watu waliosita hivyo. Nikadhani unanificha kitu."

Seremala alimtazama kwa muda, kama mtu anayetafuta kasoro kwenye ubao.

"Sikunyamaza," alisema.

"Ulinyamaza. Nilihesabu."

"Niliweka simu kifuani kwake. Kama siku zote. Nilijua ukimsikia hutauliza tena."

Zile sekunde saba zilimrudia Masikio, moja, mbili, tatu, na sasa alizisikia zilivyokuwa. Kilikuwa kifua cha mdogo wake, karibu kabisa na sikio lake, na hakukuwa na mluzi mwembamba wala mnene. Kilikuwa kile kimya alichojifunza akiwa na miaka kumi na saba, kisicho na maana nyingine duniani isipokuwa moja. Alikuwa amekisikia wazi kuliko mtu yeyote, akakiandikia Ndiyo.

"Nilikudanganya mengi, shemeji," seremala alisema. "Ya kitanda, ya nyumba, yote uliyaamini ukacheka. Hili moja la kweli ndilo ulilokataa."

Uani mtoto alianza kukohoa. Wote wawili waligeuka kwa wakati mmoja. Masikio alisikiliza, hakuweza kujizuia. Mwembamba. Akasukuma mfuko wa dawa mezani.

"Na ikimbana huyu?" aliuliza. "Ikimbana sana? Namba umeifuta."

"Tutashuka na barabara."

"Mwendo wa saa tano, shemeji. Hatafika."

"Inawezekana," alisema seremala. Akachukua mfuko, akauweka juu ya kabati, mahali mtoto anapoweza kufika akipanda stuli. "Lakini barabara haituulizi maswali."

Aliondoka na lile lile gari la saruji, sasa likiwa tupu na likirukaruka kwenye kila shimo. Dereva alijaribu kumwongelesha, akaacha. Gari lilipong'oka, Masikio alikuwa ametazama saa yake, kwa mazoea ya kazi tu, na alipoteremka mjini akaitazama tena. Safari ilikuwa imechukua saa tano na dakika arobaini. Alitafuta kalamu kwenye mkoba, akaiandika kwenye kiganja, kwa sababu hakuwa na fomu.